Mbambuko Wenye Msumari

Mama yangu alikuwa akinituma dukani huku akijua kabisa kwamba nitarudi njiani mara mbili kumuuliza kama alisema chumvi au sukari. Naanza na hilo ili mjue mnaongea na mtu wa namna gani. Mimi ni mtu wa wasiwasi, vijana wangu, na nimefanya kazi ya wasiwasi. Hata sasa nimestaafu, lakini asubuhi bado naenda kugusa udongo wa chungu ambao niliugusa jana jioni.

Juzi baada ya ibada mlinizunguka pale kwenye chai, mkaniuliza jinsi ya kuchimba miti ya porini ya kufanyia bonsai. Mmoja wenu akanionyesha kwenye simu mtu anachimba mti kwa dakika tatu, muziki unapigwa, mti unaingia chunguni, kwisha. Nilicheka kwa adabu, lakini nilipofika nyumbani nikakosa raha. Nikajiambia, hawa watoto wataingia porini wikiendi ijayo na misumeno yao, na hakuna atakayewasimulia habari za mti wa Mama Lorraine. Ndiyo maana naandika. Naandika kwa Kiswahili makusudi. Mnanijibu kwa Kiingereza lakini najua mnaelewa, hasa chakula kinapotajwa.

Miaka ya mwisho ya tisini nilifanya kazi katika kitalu cha mzee mmoja Mmarekani, nje kidogo ya Manassas. Tulimwita Mzee Harlan. Alikuwa amestaafu kazi ya utafiti wa udongo kule Beltsville, na alikuwa na mikono mikubwa na maneno machache. Kazi yetu ilikuwa kutafuta miti ya porini yenye sura ya uzee, kuing'oa bila kuiua, na kuilea kwenye masanduku ya mbao miaka miwili mitatu mpaka izoee. Baadaye wateja waliichukua wakaifanya bonsai, yaani mti wa kweli unaoishi kwenye chungu, unaofika gotini tu lakini una sura ya babu.

Mti tuliouhangaikia kuliko yote ulikuwa birch wa mtoni. Mimi na mwenzangu Muriuki tuliuita mbambuko, maana gome lake hubambuka lenyewe, vipande vyembamba vyenye rangi ya chai ya maziwa vikining'inia kama karatasi. Muriuki alikuwa Mkenya wa Nyeri, mimi ni Mchaga wa Marangu. Wote wawili tumekulia kwenye kahawa, na kila siku ya Mungu tulibishana kahawa ya nani ni bora. Mzee Harlan, ambaye alikunywa ile ya unga wa kopo, alitusikiliza bila kuelewa neno.

Kabla ya kitu chochote, ombeni ruhusa. Kwenye hifadhi na bustani za serikali msiguse hata jani. Kama ni shamba la mtu, mkamwone mwenyewe uso kwa uso, awaonyeshe mpaka kwa mkono wake. Kwetu Marangu mpaka ni masale, yale majani marefu yaliyosimama mstari, hata mtoto wa miaka mitano anaujua. Hapa mpaka ni utepe wa plastiki ambao upepo umeupeleka kwa jirani. Siku moja tulichimba saa nzima kwenye mti mzuri ajabu, kumbe tulikuwa tumevuka mpaka hatua kumi na mbili. Tuliurudisha shimoni, tukakanyagia udongo, Muriuki akauambia mti pole. Nilikaa wiki mbili nikisubiri polisi wagonge mlango.

Kingine, msifunge mzigo kwa kitu msichokijua. Mwaka wangu wa kwanza tulikwenda mtoni mwezi Machi, miti ikiwa bado haina majani, tukawa tumesahau kamba. Nyumbani ukikosa kamba unachana ganda kavu la mgomba, unafunga mzigo wako, unakwenda zako. Nikatazama huku na huku nikaona mmea umetambaa juu ya mti mwingine, mnene kama kidole, una manyoya manyoya. Nikauvuta, nikaukata, nikafunga mbambuko vizuri kabisa. Fundo nikalikaza kwa meno.

Kesho yake asubuhi midomo yangu ilikuwa imevimba hadi siwezi kunywa chai. Mzee Harlan akaniuliza nilifungia nini. Nilipomwonyesha, alikaa chini juu ya ndoo. "Huo ni mmea wa sumu," akasema. "Hata usipokuwa na majani, ni sumu." Mke wangu, Mama Aneth, alikuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kulelea wagonjwa huko Woodbridge. Alinipaka dawa wiki nzima bila kucheka mbele yangu, ila nilikuwa namsikia jikoni.

Huyo huyo Mama Aneth ndiye aliyetupatia mashuka. Mizizi ikishatoka ardhini haitakiwi kuona jua wala upepo hata kidogo, kwa hiyo tuliifunga kwa mashuka yaliyolowa maji. Kazini kwake walikuwa wanatupa mashuka makuukuu, na msimamizi wake alituruhusu kuyachukua. Niliomba ahakikishe mara tatu.

Basi siku moja tunarudi na gari kwa njia ya I-95, taa moja ya nyuma haiwaki, askari akatusimamisha. Nyuma ya gari kuna kitu kirefu kimelala, kimefungwa shuka jeupe, kinadondosha maji. Akauliza ni nini. Sisi tukiongea juu ya miti tulizoea kuiita wazee, na kwa hofu nikasahau kwamba yeye hajui hilo. Nikamjibu kwa Kiingereza changu, "Ni mzee. Tumemtoa mtoni. Bado yuko hai."

Muriuki alifumba macho. Askari alirudi nyuma hatua moja, akafunua shuka kwa ncha ya tochi, akaona mizizi. Alitutazama kwa muda mrefu, kisha akatuambia twende tukatengeneze taa. Tulipofika Manassas Muriuki akanigeukia. "Buda," akasema, "next time ukiulizwa, wachia mimi niongee."

Sasa nifike kwa Mama Lorraine, maana nimekuwa nazunguka.

Alikuwa mjane, Mmarekani mweusi, mzaliwa wa huko huko Virginia, aliyestaafu upishi wa shuleni. Shamba lake liliteremka mpaka kwenye kijito kinachoingia mto Occoquan. Alikuwa ameliuza. Majira ya joto yakifika mashine zingeingia kusawazisha ardhi, zijengwe nyumba. Alimpigia simu Mzee Harlan akasema kando ya maji kuna mibambuko, aje achukue anayoweza, ni afadhali kuliko ilazwe na mashine. Sharti lilikuwa moja. Mti mmoja ni wake.

Tulishuka naye mpaka kijitoni, yeye mbele, fimbo mkononi. Mti wenyewe ulikuwa umeinama juu ya maji, shina nene, umedumazwa na mafuriko na mawe. Usawa wa kifua palikuwa na msumari. Mumewe Curtis aliupigilia walipokuwa wageni katika ndoa, akawa anatundika koti lake hapo kabla ya kushuka kuvua samaki. Mti ukaendelea kunenepa, gome likaumeza msumari taratibu, ukabaki umetokeza urefu wa pingili moja ya kidole. Curtis alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Mama Lorraine alikuwa anahamia kwa binti yake Beltsville, ghorofa ya tatu, kwenye kibaraza kidogo.

"Nyumba siwezi kuibeba," akasema. "Mto siwezi kuubeba. Huu nataka niubebe."

Kisha akanigeukia mimi, akamwacha Mzee Harlan. "Wewe ndiye utakayeuchimba?"

"Ndiyo, Mama."

"Utaishi?"

Jibu la fundi ni "tutajitahidi." Nililijua. Lakini alinitazama kwa macho ya kuomba, na mimi mtu akinitazama hivyo hupoteza akili. Nikasema, "Utaishi." Mzee Harlan aliangalia viatu vyake. Tangu dakika ile sikulala vizuri.

Mti wa umri ule haung'olewi kwa mkupuo. Unachimba mtaro nusu ya duara mwaka huu, unaufukia kwa mchanga mti uote mizizi mipya karibu na shina, mwakani unamalizia nusu ya pili. Sisi tulikuwa na msimu mmoja tu. Unangojea mwishoni mwa baridi, vitumba vya majani vinapovimba kabla havijafunguka. Ukiwahi, baridi inaua mizizi. Ukichelewa, majani yanadai maji ambayo mizizi haina. Na Mzee Harlan alikuwa na sheria aliyoirudia mpaka tukaichoka: mwaka unaokata chini, usikate juu. Mizizi mwaka huu, matawi mwaka kesho.

Vitumba vikavimba. Wiki hiyo hiyo Mzee Harlan akaingia hospitali kufanyiwa upasuaji wa goti.

Tulikwenda wawili, Muriuki na mimi. Tulianza vizuri, duara pana, majembe makali. Lakini chini palikuwa na mawe matupu. Mizizi ilikuwa imepita katikati ya mawe ikaenda mbali kutafuta maji, na kila tulipoifuata udongo ulimwagika. Jueni kwamba mizizi minene haina kazi kubwa, ni mabomba tu. Inayokunywa ni ile myembamba kama nywele, iliyo mwishoni. Mti ulipotoka, nywele zote zilizobaki zingejaa kiganja kimoja. Nilipiga magoti pale kwenye matope nikaishika, mikono inatetemeka.

"Hii imebaki na roots kidogo sana," Muriuki akasema. "Haiwezi beba hayo matawi yote."

"Naona."

"Si tuikate kichwa? Vile unafanya kahawa."

Nilimtazama, na yeye akanitazama. Kahawa ikizeeka unaikata magotini, mkato wa mshazari, na mvua ikinyesha kisiki kinatoa machipukizi mengi mpaka unahangaika kuyapunguza. Baba yangu alifanya hivyo, na babu yake Muriuki alifanya hivyo. Sijawahi kuona kisiki cha kahawa kikikataa kuchipua. Miaka yote ile tulibishana juu ya kahawa, na siku hiyo tukakubaliana. Nikachukua msumeno. Sheria ya Mzee Harlan ilinipita kichwani, nikaiambia kwamba Mzee Harlan hajawahi kulima kahawa.

Nilikata shibiri moja juu ya msumari, mshazari, safi kabisa. Baba yangu angenisifu.

Ule mti ukaanza kutoa maji. Kahawa haitoi maji. Maji meupe, safi, yalitoka kwenye mkato yakateremka juu ya gome, yakaupita msumari, yakadondoka kwenye shuka la Mama Aneth. Yalidondoka njia nzima mpaka Manassas. Tukauweka kwenye sanduku, tukaumwagia kokoto laini na mchanga, yakaendelea kudondoka. Nikapaka majivu niliyokanda kwa udongo, kama nyumbani. Maji yakayasukuma yakaanguka.

"Aki, hii mti inalia," Muriuki akasema siku ya tatu.

"Nyamaza, bwana," nikamwambia. Sikumwambia nyamaza kwa ukali. Nilimwomba.

Aprili ikaingia. Mibambuko mingine yote tuliyoitoa kwa Mama Lorraine ikafungua vijani vidogo vyenye meno kama msumeno. Ule wenye msumari ukabaki vilevile. Kuna kipimo cha uhai wa mti: unakwaruza gome kidogo kwa ukucha. Chini yake pakiwa kijani, mti uko hai. Pakiwa hudhurungi, hapo pamekufa. Unakwaruza mara moja, unangoja wiki mbili. Mimi nilikwaruza kila asubuhi. Kwanza juu karibu na mkato, kijani. Baada ya wiki, hudhurungi. Nikakwaruza chini kidogo, kijani, nikashukuru Mungu. Siku nne baadaye hudhurungi imefika kwenye msumari. Ukavu ulikuwa unateremka na mimi nikiufuata kwa ukucha.

"Wewe ndio utaimaliza na hizo kucha," Muriuki akaniambia. Lakini nilimwona naye akienda kukwaruza alipodhani siko.

Kila Jumapili Mama Lorraine alipiga simu akitoka kanisani. "Mti wangu unaendeleaje?"

"Unapumzika, Mama."

Jumapili ya pili, unapumzika. Ya tatu, unapumzika, safari ilikuwa ndefu. Nikaanza kuchukia Jumapili. Kwaya ikiimba mimi nasikia simu. Jumapili ya tano akasema, "Umepumzika sana, huo mti." Nikamwambia miti ya mtoni ndivyo ilivyo. Sijui hata maneno hayo niliyatoa wapi. Mama Aneth alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha nguo.

"Baba Aneth," akasema, "unamdanganya mjane."

"Huenda ukachipua wiki hii."

"Na usipochipua?"

Chakula cha siku hiyo kilinishinda.

Mei Mzee Harlan akarudi na magongo. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye sanduku lile, kana kwamba mtu amemwambia. Akaangalia mkato. Akainama kwa shida, akakwaruza mara moja tu, chini kabisa, penye mizizi. Hudhurungi. Akakaa juu ya ile ndoo yake.

"Nani alikwambia ukate juu?"

"Hakuna. Nyumbani tunakata kahawa hivyo."

"Hii si kahawa." Hakupandisha sauti. "Mti mchanga wa aina hii ukiukata huenda ukachipua. Huyu mzee, ukimwondolea mizizi na kichwa siku moja, umemwachia nini?"

Muriuki akasema wazo lilikuwa lake. Nikasema msumeno ulikuwa mkononi mwangu. Mzee Harlan hakutaka kujua. "Utamwambia lini?" akaniuliza.

Nikamwomba amwambie yeye. Nikasema Kiingereza changu kibovu, nikasema wanafahamiana zaidi, nikasema kitalu ni chake. Alisubiri nimalize zote. "Wewe ndiye uliyemwambia utaishi," akasema.

Jioni nilimwambia Mama Aneth kila kitu. Hakunigombeza. Alikwenda dirishani. Pale palikuwa na mmea alioununua kwenye duka la vifaa vya ujenzi, umepangwa pamoja na maua ya kupamba ofisi, una bei na maelezo ya kumwagilia. Siku alipouleta nilicheka mpaka nikalia, maana lilikuwa isale, mmea ambao kwetu haununuliwi. Akachukua kisu, akakata ncha pamoja na kipande cha shina, akaifunga kwa leso safi.

Wachaga mnalijua hili, wengine nisikilizeni. Isale ndilo mpaka wa shamba, lakini pia ndilo msamaha. Ukimkosea mtu kosa ambalo maneno hayalifikii, unamwendea na isale. Akilipokea, neno limekwisha, halisemwi tena na yeyote. Na isale halikataliwi.

"Yeye ni Mmarekani," nikamwambia. "Hajui isale ni nini."

"Utamweleza," akasema Mama Aneth.

Nilikwenda peke yangu, asubuhi, kisiki ndani ya sanduku lake nyuma ya gari. Uani kwa Mama Lorraine palikuwa pamechomekwa vibendera vya rangi ya waridi kila mahali, na ndani maboksi yamepangwa hadi dirishani. Akiwa mlangoni aliona sanduku kabla sijafungua mdomo. Akaona mti ulivyokatwa. Akarudi ndani, nikamfuata, akaketi kwenye kiti pekee kilichokuwa hakijafungwa.

Nilimwambia. Nilimwambia habari za mawe, mizizi, kahawa, msumeno. Nilimwambia kwamba tangu katikati ya Aprili nilijua, na kila Jumapili nikamwambia unapumzika. Kisha nikanyoosha mkono wenye isale, nikamweleza ni nini. Nilidhani atanicheka au atanifukuza.

Aliuliza, "Nikilichukua, ndiyo hatulizungumzi tena?"

"Hatulizungumzi tena."

"Kamwe?"

"Kamwe, Mama."

"Na watu wenu hukataa?"

"Kwetu halikataliwi."

Akafikiri. "Basi usinipe bado," akasema. "Nina mambo ya kusema, na nitayasema yote kabla sijalishika."

Na aliyasema. Alianza na koti la Curtis, la rangi gani, mfuko gani uliotoboka, jinsi alivyoliona likining'inia pale kutoka dirisha la jikoni akajua mume yuko salama mtoni. Akaja kwenye msumeno wangu. Akaja kwenye Kiingereza changu, akaja hata kwenye viatu vyangu vyenye matope juu ya zulia lake, na zulia lenyewe lilikuwa linaachwa. Mimi nimesimama, mkono umenyooshwa. Mkono ukaanza kuuma. Nilitaka kubadili mkono nikaogopa, sikujua kama inaruhusiwa, na wa kumuuliza hayupo.

Kisha akapunguza sauti. "Miti hufa," akasema. "Nimezika mume, najua. Lakini ungeniambia Aprili ningekuja kukaa nao. Ningekuja na kiti changu nikakaa nao ukiwa bado mbichi. Umenifanya nipige simu kuulizia maiti."

Hapo nililia, vijana wangu. Sioni aibu kuwaandikia. Nilikuwa nimeogopa miezi miwili kwamba nimeua mti wa watu, kumbe hilo alikuwa tayari kunisamehe tangu mwanzo. Nililomnyima ni kuaga, na nilimnyima hilo kwa woga wangu.

Nikadhani amemaliza, nikasogeza isale. "Bado," akasema. Akaangalia dirisha la jikoni. Alisema jambo moja zaidi, la Curtis na hospitali, ambalo halikunihusu na sitaliandika. Ndipo akanyoosha mkono akalichukua.

"Sasa nimemaliza," akasema. Akasimama, akanikatia keki, akaniuliza kama Beltsville kuna foleni ya magari kama Woodbridge.

Kwa hiyo mnaponiuliza siri ya kuchimba mbambuko, nawaambia mambo ya vitumba na mashuka na mawe, na yote ni kweli. Lakini naomba mkumbuke hili: mikono ikiwa inatetemeka, weka msumeno chini. Mimi sikukata kwa ujuzi, nilikata kwa hofu, na ujuzi wa kahawa nikautumia kama kisingizio. Mti uliopungukiwa mizizi unawekwa kivulini, unanyunyiziwa maji mara kwa mara, unafunikwa, unaachwa. Na ukianza kufa, mpigie simu mwenyewe siku hiyo hiyo. Usingoje akupigie.

Muriuki alirudi Nyeri miaka mingi iliyopita. Huwa ananipigia simu kuniambia kahawa yake imechipua, makusudi.

Mama Lorraine alikichukua kile kisiki, sanduku na kila kitu. Nilimwonya kwamba mti wa mbambuko huoza upesi ndani ya gome lake, gome linabaki limesimama kama mkono wa shati huku ndani ni unga. Akasema anajua cha kufanya. Hakuniambia ni nini. Akahama.

Nilikwenda kumwona Beltsville baada ya kama miaka mitatu. Nilikuwa nimealikwa mara nyingi nikawa natoa sababu. Nilipanda zile ngazi nikisimama kila ghorofa. Aliponifungulia mlango nilichokiona kwanza ni isale, nyuma yake, dirishani. Lilikuwa limepandwa kwenye lile sanduku langu la mbao, limefika usawa wa mabega yake. Kisiki hakikuwepo. Pale chini ya isale palikuwa na vipande vichache vya gome, rangi ya chai ya maziwa, vimetandazwa juu ya udongo.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikaanza, "Mama Lorraine, ule mti..."

Akainua mkono kunizuia. Hakukasirika. Alielekeza kidole kwenye isale tu, akangoja mpaka nilipofunga mdomo.

"Mbona umesimama na koti?" akasema. "Vua, utundike pale."

Nikageuka. Ukutani kando ya mlango, usawa wa kifua, kulikuwa na msumari mmoja wa zamani, wenye kutu, umetokeza urefu wa pingili ya kidole. Nilivua koti nikalitundika. Nikiwa naelekea kwenye kiti niligeuka mara mbili kuangalia kama umeshika, na mara zote mbili ulikuwa umeshika.